Chokaa ya Shangani

Mgeni akishuka garini mbele ya hoteli ya kifahari pale Shangani, Unguja, kinachopigwa picha kwanza ni mlango. Hana lawama. Mlango una nakshi na misumari ya shaba, na umeshachapishwa kwenye kalenda, fulana na vikombe vya chai hata mtu akiota kuhusu Zanzibar huanza kuota mlango. Akiingia ndani atapiga picha ngazi, kitanda cha samadari, vioo vya rangi juu ya madirisha, na bahari. Ukuta wenyewe, mnene, mweupe, usionyooka sawasawa, ataupita kama haupo. Milango imekwisha kusifiwa, na waliochonga wanastahili. Mimi namtaka aliyeukamata ukuta ulipokuwa unataka kuanguka, akaufanya usimame tena miaka mingine mia: fundi chokaa.

Nyumba za pwani ya Shangani zimebadilisha kazi mara nyingi kuliko watu walioishi humo. Mambo Msiige ilijengwa katikati ya karne ya 19 na tajiri wa Kiarabu aliyetaka nyumba isiyo na mfano. Husimuliwa kwamba mayai mengi yalitiwa kwenye chokaa yake ili iwe ngumu, na kama ni kweli, basi mwaka ule wapishi wa mjini walinuna. Baadaye wakakaa humo wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, ikawa makao ya ubalozi mdogo wa Uingereza, kisha ofisi za serikali zenye makabati ya chuma na mafaili, na mwaka 2015 ikafunguliwa kuwa sehemu ya hoteli ya Park Hyatt. Hatua chache kutoka hapo, jengo lililokuwa la kampuni ya telegrafu, enzi ambazo waya wa chini ya bahari uliotandazwa kutoka Aden mwaka 1879 ndio uliokuwa ukileta habari za dunia, liliunganishwa na nyumba ya jirani walimokuwa wakikaa madaktari wa Kichina, na yote mawili leo ni Hoteli ya Serena. Africa House, watu wanakokwenda kutazama jua likizama, ilikuwa klabu ya Waingereza. Kila aliyeingia katika nyumba hizi alibomoa kidogo na kuongeza kidogo. Kilichobaki chini ya yote ni jiwe na chokaa.

Tena si jiwe kubwa la kuchongwa kama la Misri. Ukuta wa Mji Mkongwe ni vipande vya matumbawe, vingine saizi ya kichwa, vingine saizi ya ngumi, vilivyopangwa na kushikizwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Unene wake hufika nusu mita na kuzidi. Juu yake hulazwa boriti za mikoko, na kwa kuwa mkoko ukishapita mita tatu hivi hauaminiki kubeba mzigo, vyumba vikawa virefu na vyembamba. Upana wa vyumba vyetu uliamuliwa na msitu wa Rufiji na Lamu kabla ya mchoraji ramani yeyote kushika kalamu. Juu ya boriti huja vipande vya mawe, na juu ya mawe sakafu nzito ya chokaa. Ukifikiri vizuri, nyumba nzima ni kifusi kilichotulizwa. Kinachokituliza ni chokaa, na chokaa ikifa, jiwe hukumbuka kwamba lilikuwa kifusi.

Chokaa huanzia mbali na mji, shamba, kwenye tanuu. Magogo ya minazi iliyozeeka hupangwa kwa duara, gogo juu ya gogo, mpaka yapite kimo cha mtu, na mawe ya matumbawe yakarundikwa juu yake. Moto ukishatiwa hauzimwi. Unaachwa ule wenyewe, usiku na mchana, mpaka magogo yageuke majivu na mawe yashuke chini taratibu. Jiwe linahitaji joto la kama nyuzi 900 ili litoe hewa ukaa iliyomo ndani yake. Linalotoka motoni linabaki na umbo lilelile, lakini ukiliinua unashangaa wepesi wake. Likitiwa maji linafoka, linatoa mvuke, linapasuka na kuwa unga. Asiyejua akaweka mkono hapo hatarudia.

Kisha inakuja sehemu ambayo mwenye hoteli hapendi kuisikia, nayo ni kusubiri. Chokaa iliyozimwa hutiwa shimoni, ikafunikwa na maji, ikavundikwa. Wiki hazitoshi. Miezi ni afadhali, na mafundi wa zamani walikuwa na mashimo yaliyokaa zaidi ya hapo. Nimewahi kushinda nyuma ya nyumba moja ya Shangani iliyokuwa ikigeuzwa hoteli, kando ya shimo kama hilo lililofunikwa kwa mabati na magunia. Kijana mwanafunzi alifunua pembe moja. Chini ya maji kulikuwa na kitu cheupe, kizito, laini kama samli iliyoganda.

"Ami, ishaiva hii?"

Mzee fundi hakujibu. Alichovya mwiko, akauinua, akaupindua chini juu. Chokaa ikabaki imenata. Akachukua kidogo kwa kidole cha shahada, akaisugua kwenye ukucha wa dole gumba, akaukunja uso.

"Ina punje. Ifunike."

"Mpaka lini, Ami? Mhandisi kaja kuuliza tena asubuhi."

"Mwambie aoe leo azae kesho. Akiweza, na mimi nitampigia lipu kesho."

Kijana alicheka, akafunika shimo. Lakini punje ile haikuwa ubishi wa mzee. Punje ya chokaa ambayo haijazimika sawasawa ikipelekwa ukutani huendelea kujizima humo humo, polepole, kwa unyevu wa hewa ya bahari. Siku moja, mgeni akiwa amelala kwenye mashuka ya pamba ya Misri, inavimba na kuruka, ikaacha tundu dogo kwenye ukuta uliogharimu fedha nyingi. Ukuta wenye punje nyingi huwa kama uliopata ndui, na hakuna rangi ya kuuficha.

Siku ya kupiga lipu nayo haianzi na lipu. Inaanza na kubandua. Nyumba nyingi zilizobadilishwa matumizi katika miaka ya 1970 na 1980 zilivishwa saruji, na saruji hiyo lazima iondolewe kwa patasi, kipande kwa kipande, bila kung'oa jiwe lililo nyuma yake. Fundi hugonga ukuta kwa mpini wa nyundo huku ametega sikio. Pakilia pazito, panaachwa. Pakilia patupu, ndani pameachana, na hapo ataingiza mkono, atatoa vumbi lililokuwa chokaa zamani za Seyyid Barghash, atapaosha kwa maji, atapachika vijiwe vidogo kimoja kimoja na kuvishindilia kwa chokaa mpya mpaka sauti ibadilike. Kazi hii inachosha kuitazama, sembuse kuifanya. Mtu anaweza kumaliza kutwa kwenye eneo lisilozidi mlango mmoja, na akishuka jukwaani huoni alichofanya.

Ukuta humwagiwa maji tangu jana yake ili usinyang'anye lipu unyevu. Tabaka la kwanza hurushwa kwa mwiko, kwa nguvu ya kiwiko, liingie kwenye kila ufa. Halisawazishwi sana, kwa maana tabaka la pili linahitaji pa kushika. Baina ya tabaka na tabaka zinapita siku, na katika siku hizo kuna mtu ambaye kazi yake ni kulowesha magunia yaliyotundikwa mbele ya ukuta, kwa sababu chokaa haikauki tu. Inavuta hewa ukaa kutoka angani, ileile iliyoitoa motoni, na kidogo kidogo inarudi kuwa jiwe, jambo ambalo bila unyevu haliwezekani. Jua la saa nane likiipata wazi, inakauka kabla haijawa kitu, na baada ya wiki unaipangusa kwa kiganja kama vumbi la chaki. Mwisho huja chokaa laini iliyochujwa, inayosuguliwa na kusuguliwa mpaka igeuke na kung'aa kidogo, mng'ao wa ndani, usio wa rangi ya mafuta.

Na ukuta haunyooshwi. Hapa ndipo ugomvi na wasimamizi huanza. Mtu wa kampuni ya ujenzi huja na kifaa chake cha mwanga mwekundu, akakipiga ukutani, akakuta tumbo limetoka huku na kitovu kimeingia kule, naye anataka pawe sawa. Kupasawazisha ni kujaza lipu nene, na lipu nene ya chokaa itashuka kwa uzito wake. Fundi hutundika timazi, ndiyo, lakini anataka kujua ukuta unaegemea wapi na kama umeacha kuegemea. Baada ya hapo mkono wake unaufuata ukuta ulivyo. Ule utulivu ambao wageni wanausikia katika vyumba hivi, na wakashindwa kusema unatoka wapi, kwa maoni yangu unatoka hapo. Hakuna mstari hata mmoja ndani ya chumba unaolazimisha jicho, na nuru ya asubuhi inapolala kwenye ukuta wa namna hiyo inapata mahali pa kupumzika.

Sina ugomvi na saruji. Kwa gati, kwa daraja, kwa nyumba ya matofali kule Fuoni, hewala. Balaa yake ni ugumu wake kuwekwa juu ya kitu laini. Ukuta wa matumbawe ulio pwani haujawahi kuwa mkavu: unanyonya unyevu kutoka ardhini na chumvi kutoka kwenye upepo. Chokaa huuachia unyevu utoke, na ukitoka unabeba chumvi mpaka usoni, ambako lipu inaharibika badala ya jiwe. Ndiyo kazi yake, kuharibika mahali pa jiwe, na kupakwa tena. Saruji inafunga. Unyevu unarudi ndani, chumvi inakua nyuma ya lipu ngumu na kulisaga jiwe, na ncha za boriti zilizozikwa ukutani zinaanza kuoza mahali ambapo hakuna anayeona. Nje nyumba inapendeza kuliko zote mtaani. Baada ya masika kadhaa lipu inabanduka kama sahani nzima, na pamoja nayo uso wa ukuta. Mafundi wa mjini wanalijua hili kwa mikono. Wenye nyumba wengi wanalijua pia, ila mfuko wa saruji unapatikana dukani leo hii na chokaa iliyovundikwa haipatikani.

Tusijidanganye kuhusu gharama ya kutotunza. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na kunusurika mizinga ya Waingereza ya 1896, iliporomoka ufukweni pale Forodhani wakati kazi ya kuikarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Lilikuwa jumba mashuhuri kuliko yote katika mji ulioandikwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Kama hilo lilianguka, nyumba ya familia isiyo na uwezo kule mtaa wa Malindi itasema nini?

Ndiyo sababu siwezi kuzibeza hoteli hizi, ingawa napenda kuzibeza. Chumba cha usiku mmoja kinaweza kulingana na mshahara wa mwezi wa anayekisafisha. Pwani iliyokuwa ya watoto kupiga mbizi imezungushiwa vitanda vya jua. Ilipojengwa Mambo Msiige upya, jengo jipya lililosimamishwa ubavuni mwake lilizua malalamiko mpaka kwenye Kamati ya Urithi wa Dunia, na mimi nikipita kwa upande wa bahari bado naliona zito mno kwa jirani yake. Lakini nyumba hizo hazikujengwa na maskini tangu mwanzo. Zilijengwa kwa fedha za karafuu, pembe za ndovu na watu waliouzwa, na mikono iliyozibeba haikuulizwa. Ufundi wa chokaa umekuwa ukilishwa na matajiri miaka yote. Tajiri wa leo ana jina la kampuni na bodi ya wakurugenzi, na anapoamua kulipia chokaa badala ya saruji, kuna mzee anakula na kijana anajifunza. Pale Shirika la Aga Khan la Utamaduni lilipokarabati Zahanati ya Kale, iliyoanzishwa na mfanyabiashara Tharia Topan, kazi ikaisha mwaka 1996, mafundi wa hapa walirudishwa kwenye chokaa, na baadhi ya mikono iliyozoea kazi ile ndiyo iliyotafutwa na nyumba nyingine baadaye. Fedha ya wahisani ikiisha, inayobaki mjini ni ya hoteli.

Ila hoteli ina tamaa zake, na ufundi wa pili, usiosifiwa hata kidogo, ni kuzikatalia kwa adabu. Nyumba ya zamani ilikuwa na choo kimoja au viwili, kwenye pembe, vikipangwa ghorofa juu ya ghorofa. Hoteli inataka bafu kila chumba, na beseni la kuogea mbele ya dirisha. Maji yakivuja ndani ya ukuta wa chokaa na udongo, ukuta unarudi kuwa matope. Fundi mwenye akili hakati mfereji ukutani hata mmoja. Anajenga kabati la uongo kwenye pembe, anapitisha mabomba yote humo, na anaacha mlango mdogo ili siku bomba likipasuka, mtu aingie na tochi. Bafu analiinua juu ya sakafu yake ya pili, ili maji yakichuruzika yaonekane. Kiyoyozi nacho: kimeshaua nyumba nyingi kwa tone. Maji yake yakidondokea ukuta uleule mwaka mzima, kuvu inaanza kwa nje na boriti inakwisha kwa ndani. Kwenye vyumba vilivyotengenezwa vizuri mgeni hugundua kwamba anaweza kukizima, maana dari iko juu, madirisha yanatazamana, na kuta zilizokunywa baridi ya alfajiri bado zinaitoa saa sita mchana. Wachache wanagundua. Wengi wanakiacha kikinguruma wakaenda kuogelea.

Kuna kazi moja ya chokaa ambayo nadhani tutaipoteza, hoteli zikiwepo au zisiwepo. Sakafu ya dari za zamani haikupakwa, ilipigwa. Chokaa na kokoto ndogo zilimwagwa juu ya mawe, na kundi la watu, mara nyingi wanawake, walizipiga kwa vibao vyenye mipini, kwa siku nyingi mfululizo, wakisogea kwa safu na wakiimba ili mapigo yaende pamoja. Ilipigwa mpaka maji yapande juu na kupanguswa, mpaka sakafu ilie kama jiwe moja. Dari hizo zilihimili mvua miaka mingi kabla ya mabati kuwekwa juu yake. Leo hakuna mkandarasi atakayeandika kwenye makisio yake malipo ya watu ishirini wanaoimba wiki nzima. Nimeona ikijaribiwa kwenye baraza dogo la juu, vijana wanne na spika ya simu mahali pa waimbaji. Haikuwa mbaya. Walikuwa wakipotezana mapigo kila wimbo ulipobadilika, na mzee aliyewasimamia akawaambia wazime simu, waimbe wenyewe, hata kama sauti zao ni za kukimbiza kunguru. Wakaimba wimbo wa timu ya mpira. Sakafu ikaenda.

Shida ya vijana wanaoiacha chokaa si uvivu, kama wazee wanavyopenda kusema barazani. Fundi wa saruji anamaliza nyumba, analipwa, anahamia nyingine. Fundi chokaa analipwa kwa siku, na katika siku zake nyingi anangoja: angoje shimo, angoje ukuta unywe, angoje tabaka lishike. Asipopata mwajiri anayelipia kungoja, atanunua pikipiki ya mkopo na kubeba abiria, na ninavyojua mimi gharama za maisha, simlaumu. Mikataba ya ukarabati huandikwa kwa tarehe ya ufunguzi, watalii wameshauziwa vyumba vya Julai, na chokaa haijui Julai. Ndipo usiku wa manane inaingizwa mifuko ya saruji kwa mlango wa nyuma, "kidogo tu, ya kuharakisha". Kidogo hicho ndicho kitakachobanduliwa kwa patasi na mjukuu wa aliyekipaka.

Baada ya ufunguzi mambo huwa mabaya zaidi. Meneja mpya, aliyetoka hoteli ya vioo mji mwingine, anaona doa la unyevu kwenye ukuta wa mapokezi, anaagiza rangi ya plastiki, doa linapotea, na baada ya miezi linarudi limeongezeka. Ukuta wa chokaa unataka kupakwa chokaa nyembamba kila mwaka, kabla ya masika, tabaka juu ya tabaka, kazi ya siku chache na ndoo kadhaa. Gharama yake ni ndogo kuliko ile ya maua ya mezani. Hoteli moja ninayoijua imemwajiri fundi chokaa kwa mwezi, ana kitambulisho na zamu kama mhudumu wa baa, na nyuma ya jiko, kati ya jenereta na kreti za soda, limeachwa shimo lenye mfuniko wa mbao. Meneja alilalamika kwamba linachukua nafasi ya kuegesha gari mbili. Mpaka sasa hajashinda.